Bibi Montessori na Herufi za Msasa

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, nchi ya Italia. Alipokua alitaka kuwa daktari, jambo ambalo siku zile watu wengi waliliona haliwapasi wanawake. Katika chuo cha Roma hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wanaume. Ilimlazimu kuifanya kazi hiyo jioni, wenzake wakiisha kuondoka. Akavumilia, na mwaka wa 1896 akapata cheti chake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kukipata.

Kazi yake ikamwingiza katika nyumba za wenye wazimu. Humo aliwakuta watoto wapungufu wa akili, wamefungiwa chumbani. Mlinzi wao aliwahesabu kuwa walafi, kwa sababu baada ya kula walitambaa chini wakitafuta makombo. Bibi Montessori akakitazama chumba, akaona hamna kitu kingine cho chote cha kushika. Akafahamu ya kuwa njaa yao si ya tumbo; akili zao zilitafuta kazi, na mlango wa akili hizo ulikuwa vidoleni.

Basi akavisoma vitabu vya Itard na Séguin, madaktari wa Ufaransa waliowafundisha watoto wa namna hiyo zamani. Akatengenezesha herufi kubwa za mbao, watoto wakazipapasa kwa kufuata njia ile ile ya kuandika. Hata baadhi yao wakajua kusoma na kuandika, wakapelekwa kwenye mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakashinda. Watu wakastaajabu. Lakini yeye alistaajabia neno jingine: ikiwa hawa waliotupwa wameweza kusimama sawa na wenye afya, hao wenye afya nao wamezuiwa na nini?

Tarehe 6 Januari 1907 Nyumba ya Watoto ilifunguliwa katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, naye akapewa kuisimamia. Wazazi wengi hawakujua kusoma, nao ndio waliomwomba awafundishe watoto wao. Herufi za mbao hazikupatikana. Basi akakata herufi katika karatasi ya msasa, ile wanayotumia maseremala, akazigandisha juu ya kadi laini.

Njia yake ilikuwa hivi. Mwalimu hakutaja jina la herufi, bali sauti yake tu. Mtoto aliipapasa herufi kwa vidole viwili, huku akiitazama na kuitamka; hivyo jicho, sikio na mkono vilijifunza pamoja. Vidole vikipotea njia, ulaini wa kadi uliwaonya, pasipo mwalimu kukaripia. Kisha mtoto alipewa sanduku la herufi zilizokatwa, vokali za rangi moja na konsonanti za rangi nyingine. Aliposikia neno mano, ambalo kwa Kiitalia maana yake ni mkono, aliitafuta m, kisha a, kisha n, kisha o, akazipanga. Kuishika penseli alizoezwa kwa kazi nyingine, yaani kufuatisha maumbo na kuyajaza mistari.

Hata siku moja ya Desemba, watoto wakiwa juu ya paa bapa la nyumba, mvulana wa miaka mitano aliambiwa achore dohani kwa chaki. Alipokwisha akasita kidogo, uso ukamng'aa, akaandika neno mano. Kisha akaandika dohani, kisha paa. Hakuna aliyemshika mkono. Siku zilizofuata na wenzake wakaanza, wakaandika sakafuni, milangoni, hata juu ya mikate ya mama zao.

Kiingereza si chepesi kama Kiitalia, maana vokali moja ina sauti nyingi. Kwa hiyo walimu walioifuata njia yake katika lugha hiyo walipanga kazi kwa rangi tatu, wakatumia vitu vidogo vya kushika. Rangi ya waridi ni ya maneno mafupi yenye vokali fupi, kama cat, yaani paka. Buluu ni ya konsonanti zinazofuatana, kama frog, yaani chura. Hapo mtoto husikiliza f, kisha r, asije akairuka moja. Kijani ni ya herufi mbili au zaidi zinazotoa sauti moja, kama sh katika ship, yaani meli. Mtoto haivuki hatua mpaka ile ya kwanza imekaa mkononi.

Bibi huyu alikuwa na huzuni yake ya siri. Mwaka wa 1898 alizaa mwana nje ya ndoa, jina lake Mario, naye akalelewa na watu wengine shambani. Mama aliyewafungulia mlango watoto wa wengine hakuwa na wake nyumbani. Mario alimrudia akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akawa msaidizi wake. Shule zake zilifungwa katika Italia, baada ya kufarakana na serikali ya Mussolini. Mwaka wa 1939 wakaenda Bara Hindi kufundisha walimu. Vita vilipoingia Italia, Waingereza wakamfunga Mario. Siku mama alipotimiza miaka 70, wakamrudishia mwanawe.

Alikufa tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi.

Nasi tunaofundisha, tukimwona mtoto anaandika buzi mahali pa mbuzi, tusiseme upesi kwamba ni mzito. Huenda hajaisikia m ile, wala kidole chake hakijaipita. Kipande cha msasa na kadi si mali nyingi. Kumhesabu mtoto mjinga kabla ya kumjaribu kwa mkono ndiyo hasara kubwa.