Mfalme Idris wa Libya, mtu wa sala aliyepewa inchi

Tarehe 1 mwezi wa tisa mwaka 1969, mfalme Idris wa Libya alikuwa Uturuki kwa ajili ya matibabu. Huko nyumbani, vijana wa jeshi wakiongozwa na Muammar Gaddafi, mwenye miaka 27 tu, wakakamata kambi na redio. Karibu damu haikumwagika. Hakuna aliyesimama kumtetea mzee.

Idris alizaliwa karibu na mwaka 1890 kule Jaghbub, jangwani, mashariki mwa Libya. Babu yake ndiye alianzisha tarika ya Kiislamu ya Sanusi, kwa hiyo wakaaji walimheshimu kwanza kama kiongozi wa dini. Waitalia walivamia mwaka 1911. Omar Mukhtar alipigana nao mpaka wakamnyonga mwaka 1931, lakini Idris alipenda mazungumzo, na mwaka 1922 alikimbilia Misri. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Katika Vita Kuu ya Pili alisimama na Waingereza, na hapo ndipo njia ya kiti ilifunguka.

Libya ilipata uhuru tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1951, majimbo matatu chini ya mfalme mmoja: Tripolitania, Cyrenaica na Fezzan. Inchi ilikuwa masikini kabisa. Iliuza vyuma vya vita vilivyobaki jangwani, ikakodisha kambi kwa Waingereza na Wamarekani. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1952, kisha mara moja vyama vya siasa vikafungwa.

Mwaka 1959 petroli ikagunduliwa Zelten. Feza zikaingia, na watu wa karibu na ikulu wakatajirika. Wenye kuishi kando ya machimbo wanajua hadithi hiyo. Idris mwenyewe hakuwa mtu wa anasa. Alipenda kukaa Tobruk, mbali na mji mkuu, na mbali pia na yale yaliyofanywa kwa jina lake. Mwaka 1963 alifuta ule mfumo wa majimbo.

Hakuwa na mtoto wa kumrithi. Hasan, mtoto wa ndugu yake, ndiye aliwekwa kuwa mrithi, na baada ya mapinduzi akatangaza kwamba anaachia kiti. Mwaka 1971 mahakama ya Gaddafi ilimhukumu Idris kifo, yeye akiwa ugenini. Alifia Cairo tarehe 25 mwezi wa tano 1983, akazikwa Madina.