Mama Lyn Lusi: mwalimu aliyewafuata wamama mpaka vijijini

Leo tunamkumbuka Mama Lyn Lusi, aliyelala katika Bwana tarehe 17 mwezi wa tatu 2012, akiwa na miaka 62. Vijana wengi wa makanisa yetu hawakumjua. Lakini wamama wengi wa Masisi na Walikale waliofika Goma wakiwa wamevunjika mwili na roho, walipona kwa sababu ya kazi aliyoianzisha pamoja na mumewe.

Alizaliwa Uingereza, akafika Kongo mwaka 1971 kama mwalimu wa misioni ya Kibaptisti. Mwaka 1974 aliolewa na daktari Kasereka Lusi, ambaye wengi wanamwita Jo, mpasuaji wa mifupa. Tangu siku hiyo hakuwa tena mgeni kwetu. Alikuwa mke na mkwe wa jamaa ya Kivu ya Kaskazini, akazaa na kulea watoto wake katika nchi hii. Aliishi Kongo zaidi ya miaka 40, na vita vilipokuja alikuwa kati yetu.

Mume na mke walihudumu katika hospitali ya Nyankunde, Ituri, kisha wakaja Goma. Hapo wakaanzisha kazi ya kufundisha madaktari vijana na kutibu wagonjwa, ambayo baadaye ilipata jina la HEAL Africa. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka, na moto wa volkano ukaharibu majengo yao. Wakajenga upya.

Miaka ile ya vita, wamama walikuwa wakitoka Masisi na Walikale kwa miguu, kwa machela au juu ya malori. Wengine walikuwa wametendewa jeuri na watu wenye silaha. Wengine walikuwa wamekaa siku nyingi na uchungu wa kuzaa, mbali na daktari, mtoto akafia tumboni. Wengi walibaki na fistula, yaani tundu ndani ya mwili linalofanya mkojo au choo kitoke bila kuzuilika. Mama wa namna hiyo ananuka, anaona haya, na mara nyingi mume anamfukuza.

Madaktari waliweza kushona kidonda. Mama Lyn, ambaye hakuwa daktari, aliuliza jambo lingine: huyu mama akipona, atarudi kwa nani? Yeye alikuwa mwalimu na mzazi, na alijua kwamba mtu anaweza kupona hospitalini na kufa moyo nyumbani.

Kwa hiyo kazi haikuishia kwenye mlango wa hospitali. Wamama waliokuwa wakingoja kupasuliwa walifundishwa kushona nguo na kazi nyingine za mikono, ili wasirudi mikono mitupu. Vijijini walitayarishwa wamama washauri, wa kumsikiliza mwenzao kwa siri, kumsindikiza kwenye kituo cha afya, na kumtembelea akirudi. Zikaundwa pia kamati za Nehemia, ambamo viongozi wa dini na wa kimila walikaa pamoja kutatua magomvi na kutunza wanyonge. Jina hilo lilifaa: Nehemia hakujenga ukuta peke yake, kila jamaa ilijenga sehemu yake.

Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Opus huko Marekani, pamoja na dola milioni 1 kwa ajili ya kazi hiyo. Wakati huo alikuwa karibu na mwisho wa safari yake. Miezi michache baadaye kansa ilimwondoa.

Wapendwa, kwa nini tunamkumbuka? Si kwa sababu alitoka mbali, wala kwa sababu alipata tuzo. Tunamkumbuka kwa sababu swali lake bado liko mbele yetu. Masisi na Walikale vita vimeendelea kutawanya watu. Bado kuna dada anayerudi kutoka matibabuni, anakaa kwenye benchi la mwisho kanisani, na anatoka kabla ya baraka ili asisalimiwe na mtu. Bado kuna mtoto anayeitwa jina la adui aliyemdhuru mama yake.

Daktari yuko mbali, na barabara mara nyingi imefungwa. Lakini benchi ni letu. Kumwachia dada nafasi katikati yetu, kumkata ulimi anayemcheka, kusema na mume aliyemfukuza, kumlimia shamba msimu mmoja: hayo hayahitaji mfadhili. Wamama washauri wa vijijini waliyafanya wakiwa maskini kama sisi.

Mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa chama cha wamama: katika parokia yako, nani anarudi wiki hii, na nani atakwenda kumpokea? Bwana atupe moyo wa kwenda.