Hugh Tracey, aliyerekodi ngoma kwa kipaza sauti cha mkononi

MWINGEREZA Hugh Tracey, aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini miaka ya 1920 kulima tumbaku, anakumbukwa kwa ngoma za Kiafrika alizorekodi. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda. Kipaza sauti chake hakukisimika mahali pamoja. Alikishika mkononi, akikisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpiga ngoma, ili mshindo usimeze maneno. Jenereta iliwekwa mbali kwa waya mrefu, muungurumo wake usisikike.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini. Alifariki dunia mwaka 1977. Kanda zenyewe, kwa bahati mbaya, zimebaki huko, mbali na vijiji vilivyoimba.