Josina Machel, mkimbizi mwenye alivuka Ruvuma

Nyinyi wenye mlikaa Lugufu ao Nyarugusu mnajua namna mtu anatafuta habari ya nyumbani kwa kila mwenye anavuka ziwa. Josina Muthemba hata hiyo nafasi alikuwa nayo kidogo.

Alizaliwa 1945 Vilankulo, Msumbiji. Mwaka 1964 alitoroka Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, ili afuate wapigania uhuru wa FRELIMO Tanzania. Wakamkamata Victoria Falls, wakamrudisha, akafungwa. Akatoroka tena, akafika Dar es Salaam. Pale akapewa nafasi ya kusomea Uswisi, akaikataa. Mwaka 1967 akaingia mafunzo ya kijeshi kule Nachingwea, kati ya wasichana 25 wa kwanza.

Kwao kulikuwa mbali, kusini kabisa. Polisi wa siri wa Ureno, PIDE, walikuwa wanafungua barua za watu, na stempu ya Tanzania peke yake ingetosha kumtia mzazi matatani. Basi nyumbani alikutafuta kwa miguu: alivuka mto Ruvuma, akaongea na wamama vijijini, akapanga vituo vya watoto yatima wa vita kule Cabo Delgado. Mimi naona kazi hiyo ilizidi ya bunduki.

Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel, wakapata mtoto mmoja. Kisha ugonjwa. Alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Uhuru ulikuja 1975, naye akarudishwa Maputo akiwa mifupa.