Fimbo ya Hussein Onyango

Hivi majuzi, nikiwa kwetu Mata upande wa Taveta, nilizungumza na walimu wawili kuhusu mvulana mmoja hodari wa hesabu ambaye babaye humpiga hata alama zikaonekana shingoni. Mmoja wa walimu hao alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba pengine ni fimbo hiyo imfanyayo mtoto awe wa kwanza darasani. Kabla ya kuagana tuliafikiana kwamba habari zifikishwe kwa afisa wa watoto. Lakini kauli ile sikuijibu. Jibu langu ni maisha ya Barack Hussein Obama, si yule aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017, bali baba yake, aliyefariki Nairobi mwaka 1982.

Babaye mzee huyo, Hussein Onyango, hakuwa mlevi wala mzembe. Aliwatumikia Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akasilimu, kisha akawa mpishi katika nyumba za Wazungu. Alipenda usafi, utaratibu na elimu kupita jirani zake wote. Nalitaja hili kwa sababu sisi walimu huelekea kumtafuta mzazi mkatili miongoni mwa walevi na mafukara, tukampita yule mwenye shati lililopigwa pasi. Onyango aliheshimiwa, na nyumbani mwake alipiga, watoto na wake vilevile.

Mnamo katikati ya miaka ya 1940, baada ya familia kuhama kutoka pande za Kendu Bay hadi Kogelo, mkewe Akumu alishindwa kuvumilia. Alitoroka usiku, akawaacha watoto. Bintiye Sarah alikuwa na umri wa miaka kama 12, na Barack kama tisa. Kwa masimulizi ya familia, watoto hao wawili waliondoka kwa miguu kumfuata mama yao, wakalala vichakani na kuombaomba chakula kwa siku nyingi, mpaka walipookotwa na kurudishwa kwa baba yule yule. Walilelewa na mke mwingine wa Onyango, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Mama Sarah. Inasemekana kwamba Barack hakuwahi kumsamehe mama yake kwa kuondoka. Hilo nalo ni jambo la ajabu katika nyumba za namna hii: aghalabu hasira ya mtoto humwendea aliyekimbia kipigo, si aliyepiga.

Huko Maseno alikuwa mwanafunzi mwerevu na mkaidi. Alipoondoka shuleni mwaka 1953 bila kumaliza, babaye alimchapa kwa fimbo mpaka mgongo ukatoka damu, kisha akampeleka Mombasa akawe karani. Huko nako aligombana na mwajiri. Fimbo, basi, haikumbakiza shuleni wala kazini.

Ni nini kilichomwinua? Alisoma kwa posta usiku, na wanawake wawili Wamarekani waliokuwa Nairobi wakamwamini na kumsaidia. Mmoja wao, Elizabeth Mooney, aliyeshughulikia kisomo cha watu wazima, alimpa kazi. Kwangu mimi mwanaisimu, matunda ya kazi hiyo yana thamani ya pekee: ni vitabu vidogo vya Kijaluo vya Otieno Jarieko, vilivyochapishwa mwaka 1959. Mwaka uo huo alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa mwanafunzi wa kwanza Mwafrika chuoni hapo, akamaliza kwa miaka mitatu. Kutoka hapo alikwenda Harvard. Mwaka 1965 alithubutu kuikosoa hadharani sera ya uchumi ya serikali ya Kenya.

Sasa tutazame nyumbani kwake. Mark Ndesandjo, mwanawe aliyezaliwa na Ruth, mke wake Mmarekani, amesema bayana kwamba baba yake alimpiga mama yake na kumpiga yeye, na mwaka 2009 alitoa riwaya iliyotokana na maisha hayo. Mwaka 1971 Barack alimzuru Honolulu mwanawe mwingine, mvulana wa miaka kumi aliyemwacha akiwa mchanga. Alikaa kama mwezi mmoja. Moja ya mambo ambayo mtoto yule aliyakumbuka ni baba akimkataza televisheni na kumwamuru akasome.

Nisieleweke vibaya. Ulevi ulikuwapo, na mauaji ya Tom Mboya mwaka 1969, ambayo Obama alitoa ushahidi katika kesi yake, yalimpotezea mlezi wake wa kisiasa. Wala si kila aliyepigwa hupiga. Lakini lugha yetu nayo hutupoteza: adabu na adhabu hukaribiana kwa sauti tu. Yana asili mbili tofauti katika Kiarabu, la kwanza likihusu malezi na mwenendo mwema, la pili mateso. Onyango alidhani anatoa la kwanza.

Mwaka 1988 mvulana yule wa Honolulu, sasa mtu mzima, alifika Kogelo. Nyumbani kwa Mama Sarah kulikuwa na makaburi mawili, la Onyango na la mwanawe. Aliketi katikati yake, akalia.