Mfalme Alfred na Vitabu vya Watu Wake

Mwaka 849, mahali paitwapo Wantage huko Uingereza, alizaliwa Alfred, mwana wa Ethelwulf, mfalme wa Wessex. Siku zile Uingereza haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika falme mbalimbali, na Wessex ulikuwa ufalme wa upande wa kusini. Alfred alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote, wala hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba siku moja yeye atakalia kiti cha baba yake.

Habari zake nyingi twazipata kwa Asser, padre wa nchi ya Wales, aliyeishi naye na kuandika maisha yake. Asser asimulia kwamba mama yake Alfred aliwaonyesha wanawe kitabu cha mashairi ya Kiingereza, akaahidi kumpa yule atakayekuwa wa kwanza kukijua. Alfred alipendezwa na herufi ya kwanza iliyopambwa vizuri. Alikuwa hajajua kusoma, lakini alikichukua kwa mwalimu, akasomewa, akashika mashairi yote kwa moyo. Akarudi kwa mama yake, akayatamka, akapewa kitabu.

Lakini mambo ya amani hayakudumu. Watu wa kaskazini, wa Denmaki na Norwei, walikuwa wakija kwa merikebu, wakiteka mali na kuchoma nyumba za watawa. Na katika nyumba hizo ndimo walimokuwa walimu na vitabu. Basi moto ulipoziteketeza, elimu nayo iliteketea.

Mwaka 871 Alfred akawa mfalme baada ya ndugu yake Ethelred kufa. Mwanzoni mwa mwaka 878, wakati wa baridi kali, Guthrum, mkuu wa Wadenmaki, akamshambulia kwa ghafula. Watu wengi wakasalimu amri. Alfred akakimbilia mabwawani pamoja na wafuasi wachache, akajenga boma dogo mahali paitwapo Athelney. Hakukata tamaa. Baada ya majuma machache akawakusanya watu wake, akamshinda Guthrum huko Edington. Wala hakumwua. Walifanya mapatano, Guthrum akabatizwa, na Alfred mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo.

Nchi ilipotulia kidogo, mfalme aliona hasara iliyo kubwa kuliko nyumba zilizoungua. Vitabu vya maana viliandikwa kwa Kilatini, na watu waliokijua walikuwa wachache mno. Hata ambapo vitabu vilisalia, vilikuwa kama sanduku lililopotelewa na ufunguo. Basi akaazimu kwamba vitabu vile ambavyo yafaa watu wote wavijue vifasiriwe kwa Kiingereza, lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Hakuwaachia wengine kazi hiyo. Mwaka 887, naye mtu mzima wa miaka 38, mwenye maradhi ya mara kwa mara na shughuli nyingi za ufalme, alianza kusoma na kufasiri Kilatini. Aliwaita wataalamu kutoka mbali ili wamfundishe: Asser wa Wales, Plegmund wa Mercia, na Grimbald wa nchi ya Wafranki. Kwa msaada wao alifasiri kitabu cha Papa Gregori juu ya kazi ya wachungaji wa Kanisa, akapeleka nakala kwa maaskofu wake. Aliagiza pia kwamba vijana walio huru na wenye nafasi wafundishwe kwanza kusoma Kiingereza, na watakaoendelea mbele wafundishwe Kilatini.

Ingawa alikuwa amepigana na watu wa kaskazini, Alfred hakuona haya kujifunza kwao. Baharia mmoja wa Norwei, jina lake Ohthere, alifika kwake, akamweleza safari zake katika bahari za baridi, na maneno yake yakaandikwa. Je, walisikilizanaje? Wataalamu wadhani kwamba lugha zao zilikuwa karibu, kama vile Mha wa Kasulu au Kibondo awezavyo kusikilizana na Mrundi pasipo mkalimani. Wadenmaki wengi walikaa Uingereza, wakaoana na wenyeji, na lugha zikachanganyika. Hata leo maneno ya Kiingereza yenye maana ya yai, dirisha, sheria na mbingu yametoka kwa watu wale waliokuja na mapanga.

Alfred alikufa mwaka 899. Nakala moja ya kitabu chake, ile aliyompelekea askofu wa Worcester, ingali ipo Oxford. Na huko Cambridge wako wanafunzi ambao, wakiisha kupata shahada ya kwanza, huendelea kusoma Kiingereza cha kale pamoja na lugha ya wale waliokuwa adui zake, ili wazielewe habari za siku hizo.

Maboma yake mengi yamekwisha kubomoka, lakini maneno aliyoyafasiri yasomwa hata leo. Nanyi wanafunzi, msidharau lugha ya mama zenu, wala msione haya kuanza kujifunza mkiwa mmechelewa. Mfalme Alfred alichelewa, naye hakuona haya.