August Bier: Daktari aliyejaribu ganzi mgongoni mwake

Nyanya yako akibadilishiwa goti, huenda akadungwa ganzi mgongoni, miguu ife ganzi. Amshukuru August Bier, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1861.

Agosti 1898, mjini Kiel, Bier alitumia kokeini kumtia ganzi mgonjwa wa kifundo cha mguu. Kisu hakikumuuma, ila baadaye aliumwa na kichwa na kutapika. Kwa nini? Bier akaamua kujaribu mwilini mwake. Wapi! Sindano haikushikana na bomba, maji ya uti wa mgongo yakamwagika. Msaidizi wake, Hildebrandt, akachukua zamu. Jamaa akagongwa muundi kwa nyundo, asisikie maumivu. Usiku wakajipongeza kwa divai. Baadaye Hildebrandt alitapika, naye Bier akalala siku tisa, kichwa kikimuuma kila akiinuka.

Hakuficha madhara hayo. Aliona kokeini ni hatari, akangoja dawa salama zaidi. Alifariki 1949.

Leo madaktari wangali wanalinganisha: bupivakeini hudumu zaidi, mepivakeini huisha mapema, mgonjwa wa goti akasimama haraka. Swali ni lile lile la Bier: ganzi ikiisha, mgonjwa atakuwa na hali gani?